Chama cha Historia: Maana Yake na Kazi Zake

Chama cha historia ni jumuiya ya watu waliojiunga kwa hiari ili kukusanya, kutunza na kuonyesha kumbukumbu za mahali fulani, pawe mji, jimbo au nchi nzima. Hapo ndipo kinapotofautiana na idara ya nyaraka za taifa, ambayo huundwa kwa sheria na kupokea majalada ya serikali. Chama hupokea hasa yale ambayo serikali haikuwa na haja ya kuyaandika, kama vile barua za familia, shajara, picha, nguo na daftari za hesabu za wenye maduka.

Chama kikongwe kuliko vyote nchini Marekani ni Massachusetts Historical Society, kilichoanzishwa mjini Boston mwaka 1791 na mchungaji Jeremy Belknap pamoja na wenzake. Belknap, aliyekuwa ameandika historia ya New Hampshire, alijua jinsi hati zinavyopotea upesi: mwaka 1765 umati wenye hasira uliivamia nyumba ya Thomas Hutchinson, naibu gavana wa Massachusetts, hapo Boston, na miswada aliyoikusanya kwa miaka mingi ikatupwa matopeni. Katika barua yake moja Belknap aliandika kwamba mtunzaji hapaswi kukaa nyumbani akingoja vitu vimwangukie mapajani, bali azunguke kama mbwa-mwitu anayetafuta mawindo. Tena, chama hicho kilianza mapema kuchapisha hati zake, kwa kuwa nakala zikiwa nyingi na zikikaa mbalimbali, moto mmoja hauwezi kuziteketeza zote.

Neno mkusanyo lisichukuliwe kuwa lundo la vitu vya kale. Kitu huwa sehemu ya mkusanyo pale kinapoandikwa katika daftari la mapokezi: nani amekileta, lini, alikipata kwa nani, na kwa masharti gani. Kazi hii mgeni haioni, lakini kwa maoni yangu ndiyo mzizi wa kazi nyingine zote. Picha ya mwanamke aliyesimama mlangoni, isiyo na jina, mahali wala mwaka, hutufundisha machache sana. Picha hiyohiyo, iwapo mjukuu aliyeileta aliulizwa na majibu yake yakaandikwa siku hiyohiyo, humrudisha mwanamke huyo katika ukoo wake na mtaa wake. Mjukuu akishaondoka duniani, hakuna wa kuulizwa tena.

Maonyesho huwa na sehemu ndogo tu ya mkusanyo, kwani mwanga hufifisha wino na nguo, na kwa hiyo hati ikishakaa kabatini kwa miezi kadhaa hurudishwa gizani na nyingine kuchukua nafasi yake. Mihadhara nayo huwakutanisha waliozisoma hati na wenye kumbukumbu za maisha yenyewe. Mzee aliyeketi nyuma anaweza kusahihisha jina la mtaa, na baada ya mhadhara mwingine akaeleza kwamba nyumbani kwake kuna sanduku la barua za babu yake. Hivyo mhadhara huuongeza mkusanyo.

Afrika Mashariki nayo inazo jumuiya za namna hii. Uganda Society, iliyoanzia Entebbe mwaka 1923, ilianza kutoa jarida lake, Uganda Journal, mwaka 1934.

Lakini kumbukumbu zetu nyingine zimehifadhiwa mbali. Manahodha wa Salem, Massachusetts, walianzisha jumuiya yao mwaka 1799, wakikusanya vitu na kumbukumbu za safari za baharini kutoka nchi walizofika. Meli za mji huo baadaye zilifanya biashara kubwa na Zanzibar, zikileta kitambaa cha pamba ambacho watu wa pwani wanakiita merikani hadi leo, na kuondoka na pembe za ndovu na sandarusi. Richard Waters wa Salem, balozi mdogo wa kwanza wa Marekani huko Zanzibar, aliwasili mwaka 1837, na karatasi zake zimehifadhiwa katika maktaba ya Peabody Essex Museum, taasisi iliyorithi mikusanyo ya manahodha hao. Kwa hiyo mtafiti wa soko la Unguja la wakati wa Seyyid Said, baada ya kumaliza yaliyomo katika nyaraka za Zanzibar, bado atahitaji kuzisoma barua na daftari za wafanyabiashara wa Salem.