Stima ya nguo si pasi

Wiki iliyopita shangazi yangu wa Wete, ambaye yumo katika pilikapilika za kwenda Muscat kwenye harusi ya mjukuu wa dada yake, alipigiwa simu na binti yake aliye mjini Unguja. "Mama, nshakununulia pasi ya kusafiria." Shangazi akaja juu: pasi ya kusafiria anayo, ameshapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole, na kama kuna mtu kamuuzia mwanawe nyengine mtaani basi hiyo ni ya bandia na waende wote polisi. Wakabishana dakika nzima, mmoja anazungumzia kitabu cha Uhamiaji, mwengine anazungumzia chombo cha kunyooshea buibui. Mie nimekaa pembeni, mbavu sina.

Kicheko kiliniishia kifurushi kilipofika. Ndani hamkuwa na pasi ya kusafiria wala ya kukaa nayo nyumbani. Mlikuwa na stima. Na kwa kuwa nimeshachoka kusikia stima ikiitwa pasi ya mvuke, pasi ya mkono, pasi ya safari, mpaka juzi Darajani nikasikia "pasi ya kisasa", leo nimeona niandike.

Maana yenyewe ni fupi. Stima ya nguo ni chombo kinachochemsha maji kidogo na kutoa mvuke kupitia mdomo wenye matundu. Nguo unaitundika kwenye henga, unaupitisha mdomo ule karibu nayo, mikunjo inalegea, na nguo inajinyoosha kwa uzito wake yenyewe. Ya safari ni hiyo hiyo, ila ndogo, ya kushikwa kwa mkono mmoja, na tangi lake la maji liko kwenye mpini. Hakuna zaidi.

Pasi ya mvuke nayo ipo, na jina lake ni la haki kabisa: ni pasi kamili, yenye bapa zito la chuma, iliyotobolewa vitundu kwa chini ili mvuke utoke wakati unapiga. Hiyo haifanyi kazi bila meza au godoro la kuilaza nguo. Stima haina bapa la kukandamizia chochote. Anayeziita zote mbili kwa jina moja ni kama anayeita ngalawa na boti ya Dar es Salaam "chombo" halafu akashangaa kwa nini kafika usiku.

Sasa twende kwenye jina, maana hapa ndipo penye utamu.

Neno stima halikuingia Zanzibar kwa mlango wa duka la vifaa vya umeme. Liliingia kwa bandari. Wazee wetu walizoea majahazi na merikebu za tanga; ilipotokea merikebu inayokwenda bila tanga, huku ikitoa wingu jeusi juu, wakaiita merikebu ya moshi. Waliita walichokiona. Wazungu waliokuja nazo walikuwa wakiziita kwa kile kilichokuwa kikizisukuma, yaani mvuke, na kutokana na neno lao, steamer, tukapata stima. Mwaka 1872 kampuni ya British India ilianza safari za kuleta barua Zanzibar kutoka Aden kila mwezi, na watu waliokuwa wakisubiri barua hizo wakalichukua na neno la barua, mail, likawa meli. Kwa hiyo, ukifuata asili, meli ni barua na stima ni kitu cha mvuke, na zote mbili tuliziweka juu ya chombo kimoja. Hata ile merikebu Glasgow ya Sultani Barghash, iliyozamishwa mbele ya mji tarehe 27 Agosti 1896 katika vita ambavyo havikufika saa nzima, ilikuwa stima. Baadaye wenzetu wa Kenya wakalichukua neno, wakalipa umeme, ndiyo maana ukimwambia mtu wa Nairobi "stima imekatika" hatokimbilia pwani kutazama.

Sasa neno limerudi, limepungua tani elfu kadhaa, linaingia kwenye mkoba. Mie sioni ubaya. Katika kazi zote lilizopewa, hii ndiyo iliyo karibu zaidi na maana yake ya kwanza: kitu cha mvuke, basi.

Pasi ina ukoo mwengine. Wareno walituachia meza, leso, bendera na mvinyo, na hadi leo kunyoosha nguo kwa chuma cha moto wao huita passar a ferro, yaani kupitisha chuma. Kwa masikio yangu sihitaji shahidi wa pili. Kiswahili kikaongeza la kwake: hatupitishi, tunapiga. Kupiga pasi. Kitenzi chenyewe kinakwambia kuna nguvu na kuna uzito. Na wala umeme haukuwa sharti. Unguja ilipokosa umeme kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, pale nyaya za chini ya bahari zilipofeli, pasi za makaa zilitolewa stoo, zile zenye jogoo kwenye komeo, na kanzu za Ijumaa zikatoka na mistari yake kama kawaida, labda na tone la jivu begani. Pasi ni chuma, moto na uzito. Ukiondoa uzito, jina linabaki halina mwenyewe.

Nguo huwezi kuipiga stima. Utafanya nini basi? Neno lipo, tena la nyumbani: unaivukiza. Na hapa naomba tusilichanganye na kufukiza. Mvuke na kufuka ni watu wa nyumba moja, hilo halina ubishi, lakini kwetu kufukiza nguo kuna mahali pake maalumu: chetezo, kaa moja, udi, na buibui limetandazwa juu linywe moshi. Ukimwambia bibi wa Mji Mkongwe umefukiza nguo, atainusa. Akikuta haina harufu atakuonea huruma.

Ulimi wetu una tabia ya kuita moshi kila kinachopanda juu. Tunasema chai ya moto inatoka moshi, na hakuna aliyewahi kuungua mapafu kwa chai. Hata lile wingu jeupe si mvuke, ukitaka ukweli wote. Mvuke hauonekani. Tazama birika linapochemka sawasawa: baina ya mdomo na wingu pana nafasi ndogo iliyo wazi, kama hapana kitu. Pale ndipo ulipo mvuke. Wingu linaloanza mbele yake ni mvuke uliokwishapoa na kugeuka vitone vya maji. Hii si falsafa ya kukaa barazani. Muuzaji anapokuwashia stima dukani na kukuonesha wingu kubwa linalojaza duka, anakuonesha sehemu iliyokwishapoa. Stima nzuri mdomo wake unakuwa mkavu, na ile nafasi iliyo wazi unaiona. Mbovu inatema maji, na maji hayo yakikauka kwenye hariri yanaacha madoa.

Kwa nini mvuke ulegeze mikunjo? Pamba imefumwa kwa nyuzi ambazo ndani yake zimeshikana kwa vifungo vidogo ambavyo maji na joto huviachanisha. Ukikaa saa mbili kwenye daladala la Makunduchi na jasho lako, vifungo vinaachia, vinashikana upya pale ulipokunja goti, na hapo ndipo mkunjo unapozaliwa. Mvuke unaviachanisha tena, nguo ikiwa imening'inia, na vinashikana upya ikiwa imenyooka. Ndiyo maana nguo iliyovukizwa haivaliwi papo hapo. Iache ining'inie mpaka ikauke, hasa wakati wa masika ambapo hewa yenyewe ni nusu maji. Poliesta haina habari na maji sana, yenyewe hulegea kwa joto la nyuzi za Selsiasi 70 hadi 80 hivi, na mvuke, huku kwetu kwenye usawa wa bahari, hutoka ukiwa na 100. Unatosha na kuzidi. Pasi kwenye alama ya pamba hufika karibu 200, na kila mwenye buibui lenye alama inayong'aa nyuma anajua kilichotokea.

Kwa hivyo buibui, mtandio, shali, gauni la hariri, koti la sufu: stima. Buibui lenye vijiwe vya kubandikwa, kaa mbali kidogo au ligeuze ndani nje, maana gundi nayo hulegea. Kanzu ya pamba inayotakiwa mstari wa mkono uliosimama kama wembe: pasi, hapana njia nyengine, kwa sababu mstari unatengenezwa kwa kukandamizwa, na stima kazi yake ni kuondoa mikunjo, ukiwemo ule ulioulipia kwa dobi. Na kofia ya viua usiikaribishe kabisa. Ile inasimama kwa wanga, na wanga ukipata mvuke unalala. Nimeona kofia ya mtu ikigeuka kitambaa cha kichwa dakika kumi kabla ya nikaha.

Tukija kwenye kununua, maandishi ya kwenye boksi yasikutishe. Gramu moja ya maji ya bomba, kuigeuza mvuke kunataka takriban jouli 2,570 za nishati. Stima ya wati 1,000, yaani jouli 1,000 kila sekunde, hata kama haipotezi chochote, haiwezi kuzidi gramu 23 hivi kwa dakika; ya wati 1,500 haizidi 35. Boksi likikwambia wati 800 na gramu 40 kwa dakika, mwandishi wa boksi hakusoma skuli au anadhani wewe hukusoma. Hesabu hiyo hiyo inakwambia tangi la mililita 100 kwenye ya wati 1,000 linakwisha baada ya kama dakika nne: buibui moja na mtandio, halafu unajaza tena. Mie kwa safari napendelea tangi dogo na uzito mdogo, kwani ni mkono wako utakaoinyanyua, na ukikosa subira ya kujaza maji mara mbili huko harusini utaikosa kwa mengi mengine. Kwenye begi la mkononi tangi lisafiri tupu.

Maji ni jambo la pili. Kisiwa chetu cha Unguja kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya visima hubeba chokaa ile ile unayoiona imeganda ndani ya birika. Kwenye vitundu vya stima chokaa hiyo ni kama kokoto kwenye koo. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri, au yaliyosafishwa kwa kugeuzwa mvuke, ndiyo yake. Siki iliyochanganywa na maji huyeyusha chokaa ikishaganda, ila soma kwanza kama mtengenezaji anaruhusu.

La tatu ni umeme wa huko uendako. Hapa ni volti 230, Oman 240, na plagi zao ni zile zile za miguu mitatu ya bapa, kwa hiyo shangazi hana wasiwasi. Anayekwenda Marekani atakuta 120, Japani 100. Adapta ya plagi hubadilisha miguu tu, volti haizigusi. Stima yetu ya wati 1,500 ukiichomeka kwenye volti 120 inabaki na kama 400, itahema na kutema maji ya uvuguvugu. Ya kutoka huko ukiileta hapa ndiyo hatari, inavuta karibu mara nne ya ilichojengewa, na ukibahatika kitakachoungua ni yenyewe tu. Tafuta iliyoandikwa 100–240, au yenye swichi ya kubadilishia, na swichi hiyo uikumbuke kabla ya kuchomeka.

Wala usivukize nguo ukiwa umeivaa. Najua watu wanafanya, wanachelewa. Mvuke ukigusa ngozi unageuka maji na kuacha joto lake lote hapo hapo, ndiyo maana huunguza vibaya kuliko maji yaliyochemka.

Shangazi amekijaribu chombo juzi usiku, kwenye buibui la harusi, na ameridhika. Kisha akaleta kanzu ya ami. Nikamwambia hiyo iende kwa dobi kabla ya safari, ikunjwe vizuri, iwekwe juu kabisa ya begi. "Basi hii pasi gani isiyopiga kanzu?" akauliza. Nikamwambia, shangazi, hii si pasi, ni stima. Akanyamaza kidogo, akasema babu yake alikuwa akikwenda Mombasa kwa stima.

Binti yake nimemwandikia ujumbe mfupi: zawadi ni nzuri, umechagua ya volti sawa na uzito sawa, Mungu akuzidishie. Ila siku nyengine mwambie ni stima. Pasi ya kusafiria mama yako anayo, na kaifungia kabatini.