Intani si mwanafunzi, na mnaogopa kitu ambacho sicho

Juzi shangazi kanipigia simu saa kumi na moja alfajiri. Shikamoo, marahaba, alafu hata habari za watoto hakuuliza. Baba mdogo kalazwa usiku, tena hospitali hii hii ninayofanya kazi ila wodi siyo yangu, na shangazi analia kabisa: "Mwanangu, wamemwachia wanafunzi. Kamekuja kabinti kamemtoboa mkono mara mbili kakitafuta mshipa, alafu kamemuuliza yale yale tuliyoulizwa mapokezi. Fanya mpango aonwe na daktari mwenyewe."

Mwezi huu peke yake ni mara ya tatu mtu ananiomba "mpango". Anayesema hivyo anaongea kwa uchungu wa mgonjwa wake, na uchungu huo nauheshimu. Ninachogombana nacho ni hiyo imani yenyewe, kwamba hospitali ya mafunzo ni mahali ambapo watoto wanajifunzia kwenye mwili wako huku daktari wa kweli kajifungia ofisini. Imani hiyo inaumiza watu, kwahiyo leo naandika yote mara moja, na nitakuwa naituma hii badala ya kujibu simu za alfajiri.

Majina niyamalize haraka. Yule kabinti ni daktari. Kasoma MD, yaani shahada ya udaktari, miaka mitano, kafaulu, na sasa yuko kwenye mwaka mmoja wa utarajali, na Baraza la Madaktari limempa usajili wa muda unaomruhusu kutibu chini ya uangalizi. Huyo ndiye intani, daktari tarajali. Mwanafunzi ni yule ambaye hawezi kukuandikia hata panadol. Juu ya intani kuna rejistra, ambaye kamaliza utarajali, kuna rezidenti, ambaye ni daktari kamili anayesomea ubingwa miaka mitatu au minne, alafu ndiyo sisi mabingwa, na juu yetu mabingwa bobezi. Rezidenti unayemwona kavaa koti lililochakaa anaweza kuwa ameshatibu watu miaka sita mkoani kabla ya kurudi shule. Kwahiyo neno "wanafunzi" mnalitupia watu wa aina tatu nne tofauti kabisa.

Na kama bado unadhani intani ni mwanafunzi jiulize, mwanafunzi gani akiweka chini kalamu nchi inatikisika? Mgomo wa madaktari wa 2012 hapa Tanzania ulianzia kwa tarajali na posho zao. Wenzetu Kenya 2024 madaktari waligoma siku 56, na donda kubwa lilikuwa intani: makubaliano ya 2017 yalisema shilingi 206,000 za Kenya kwa mwezi, serikali ikataka kuwalipa 70,000. Hakuna serikali inayovutana siku 56 kwa ajili ya watu wasiofanya kazi. Pita hospitali yoyote kubwa ya rufaa saa nane usiku uone ni nani anatundika damu, nani anaandika rufaa, nani anakimbia maabara mwenyewe kwa sababu mtu wa kupeleka sampuli hayupo.

Sasa hili la maswali yale yale, maana ndilo linaloniudhi kuliko yote. Watu wanaona kuulizwa mara nne ni dalili kwamba hatuongei sisi kwa sisi. Kuna ukweli kidogo hapo, nitaufikia. Lakini kurudia historia ni kazi tunayoifanya makusudi, kwa sababu mgonjwa hatoi historia moja. Saa sita usiku akiwa anahema anatoa moja, asubuhi akiwa amekunywa uji anatoa nyingine, mwanae akiwa pembeni ya tatu, na mwanae akitoka kwenda kununua maji ndiyo inatoka ile yenyewe.

Nitawapa mfano ambao nauhadithia kila kundi jipya likiingia wodini. Bibi mmoja aliletwa hajitambui, sukari imeshuka. Tukampa glukosi akaamka. Baada ya masaa sukari ikashuka tena, tukampa tena, ikapanda, usiku ikashuka. Siku ya pili hivyo hivyo. Hana kisukari, hatumii dawa yoyote, ndivyo alivyosema kwa intani, kwa rezidenti, na kwangu mimi, na nilimuuliza vizuri tu. Tukaanza kuwaza ini, figo, maambukizi, homoni, mpaka uvimbe kwenye kongosho, vipimo vya hela nyingi ambavyo ile familia isingeviweza. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, huyo ni mwanafunzi kweli, ndio kwanza kaanza wodi, akapewa bibi huyo kama kesi yake ya wiki. Hakuwa na kazi nyingine kwahiyo akakaa naye saa nzima wakipiga stori za kwao, shamba, wajukuu, miguu inavyowaka moto usiku. Bibi akafungua pindo la kanga akamwonyesha vidonge: "Hivi ndivyo vinavyonituliza, jirani yangu ananigawia, yeye miguu ilikuwa inamuwaka vile vile." Glibenklamidi. Dawa ya kisukari ya jirani. Kwa mtu mzima mwenye figo zilizochoka dawa hiyo inakaa mwilini na inaendelea kushusha sukari hata siku ya pili, na yeye alikuwa anaongeza kidonge kila jioni pale pale kitandani, mbele yetu. Kwake hiyo haikuwa dawa bali zawadi ya jirani, ndiyo maana swali la "unatumia dawa gani" lilipita pembeni mara tatu.

Mimi bingwa wa magonjwa ya ndani nina dakika saba kwa kila kitanda kwenye meja raundi, ule mzunguko mkubwa wa kupitia wagonjwa wote, na yule kijana alikuwa na saa nzima. Ukimfukuza mwanafunzi unafukuza mtu pekee humo wodini mwenye muda wa kukusikiliza.

Kuna takwimu pia. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2017, kwa wagonjwa wazee wenye bima ya serikali yao, ulikuta waliofariki ndani ya siku 30 walikuwa asilimia 8.3 kwenye hospitali kubwa za kufundishia na asilimia 9.5 kwenye zisizofundisha. Sitaki mtu aichukue namba hiyo akaipandike Mwanza au Moshi kama ilivyo, hospitali za kufundishia kule zina mashine nyingi na mabingwa wengi, huwezi kusema ni intani peke yao wameleta tofauti. Ila kama wanafunzi na tarajali wangekuwa wanamaliza watu kama inavyosemwa mtaani, namba ingelala upande mwingine.

Haya, cha kuogopa ni nini basi? Ogopa saa moja na nusu. Asubuhi na jioni, zamu zinapobadilishana. Huo muda mgonjwa anahama kutoka kichwa kimoja kwenda kingine, na ile njia ya katikati ndipo tunapoangushia vitu. Chukua mgonjwa wa kisukari aliyeingia na ketoni, ile asidi inayojaa kwenye damu insulini ikikosekana. Anapewa insulini, insulini inashusha potasiamu ya damu, kwahiyo lazima ipimwe tena na tena. Sampuli imetoka saa kumi jioni, majibu yanarudi saa mbili usiku. Aliyeituma kashaondoka. Aliyepokea zamu ana wagonjwa arobaini na kaambiwa kitu kimoja tu, "kitanda cha tisa yuko vizuri". Potasiamu iko 2.4, chini kiasi cha kuhatarisha moyo, na hakuna binadamu anayejua kwamba inatakiwa kuangaliwa.

Na hapa mabadiliko yametuletea jambo ambalo sikulitegemea. Zamani majibu yalikuja kwa karatasi, mhudumu anaingia nayo wodini anaita, yeyote aliye karibu anaipokea na jicho linaangukia namba. Siku hizi yako kwenye kompyuta, na naipenda kompyuta kwa sababu faili halipotei na mwandiko wa mtu hausumbui, lakini majibu yamenyamaza humo ndani yakisubiri mtu ayafungue, na mtu huyo lazima aambiwe kwamba yapo. Usipomwambia ni sawa na kutokupima.

Kuna njia ya kukabidhiana inaitwa I-PASS. Unasema huyu mgonjwa ana hali mbaya kiasi gani, kwa kifupi ana nini, kipi kimebaki kufanywa, kipi kinaweza kutokea usiku na kikitokea ufanye nini, alafu anayepokea anarudia kwa mdomo wake mwenyewe. Waliijaribu hospitali 9 za kufundishia madaktari wa watoto, Marekani na Kanada, matokeo yakatoka 2014: makosa ya kitabibu yalipungua kwa asilimia 23. Kwa maneno tu, hakuna dawa mpya wala mashine. Wodini kwetu tuliianza kwa moyo wote. Baada ya miezi mitatu watu walikuwa wamesharudi kwenye "yuko vizuri". Nimejiuliza sana kama ni uvivu au ni hesabu, maana ukiwa na wagonjwa arobaini na ukampa kila mmoja dakika mbili unakula saa na dakika ishirini, na anayekabidhi ameshakesha. Siku hizi tunaifanya kwa wale kumi wenye hali mbaya tu. Sina hakika kama tunachagua kumi sahihi kila usiku.

Kukesha nako. Mwaka wangu wa utarajali, hospitali sitaitaja, nikiwa saa ya thelathini na kitu sijalala niliandika potasiamu ya dripu kwenye faili la kitanda cha 12 badala ya 21. Wa 12 figo zake zilikuwa zimesimama. Ile dozi ingesimamisha moyo. Sista wa usiku, mama mtu mzima, akaja na faili kifuani akasema taratibu, "Dokta, huyu figo zake hazifanyi kazi. Soma tena." Nilisoma mara mbili ndipo nikaelewa nilichoandika. Nilikwenda kukaa ngazini, miguu haina nguvu. Kwahiyo msidhani natetea watu kutokulala.

Lakini angalieni Marekani walivyohangaika. 1984 binti wa miaka 18, Libby Zion, alifariki masaa machache baada ya kulazwa kwenye hospitali moja ya mafunzo New York, akiwa mikononi mwa madaktari wa mafunzo waliokuwa na wagonjwa wengi usiku ule. Baba yake hakunyamaza, na 1989 jimbo la New York likaweka kikomo cha masaa 80 kwa wiki. Nchi nzima ikafuata 2003. 2011 wakambana zaidi intani, masaa 16 mfululizo basi. 2017 wakamrudishia 24. Utafiti wa 2016 kwenye upasuaji ulikuwa umelinganisha ratiba zenye vikomo vikali vya masaa na ratiba zilizolegezwa vikomo hivyo, na wagonjwa wa ratiba zilizolegezwa hawakudhurika zaidi. Ninavyoelewa mimi, ukikata masaa unaongeza mabadilishano ya zamu, unamtoa mgonjwa kwa mtu aliyechoka unamweka kwa mtu asiyemjua. Lipi baya zaidi? Vitabuni kuna mstari ulionyooka, mimi kitandani sijauona. Nikimuuliza intani wangu anasema apewe usingizi, nikimuuliza mgonjwa anasema apewe daktari yule yule wa jana, na wote wawili wana haki.

Kuna mahali pia ambapo nyie mna haki na sisi hatuna, niseme wazi. Kundi la vijana kumi na tano kuzunguka kitanda, hakuna aliyesalimia, shuka linafunuliwa, mama wa watu anaongelewa kwa Kiingereza kama vile hayupo, hiyo ni aibu yetu. Imezidi kwa sababu wanafunzi wameongezeka kuliko vitanda na walimu. Muhimbili ilianza kufundisha madaktari 1963 na kwa miaka zaidi ya thelathini ilikuwa peke yake nchini, chuo cha KCMC kikaja 1997, Bugando 2003, na baada ya hapo vingine vingi. Nchi ilihitaji madaktari, silalamikii vyuo. Lakini kitanda ni kile kile kimoja na tumbo ni lile lile moja linabonyezwa mara kumi na tano. Wodini kwangu wanne tu kwa mgonjwa, wanajitambulisha, wanaomba ruhusa, na ukisema hapana ni hapana na matibabu yako hayapungui hata chembe. Hiyo ni haki yako kila mahali, itumie bila woga.

Kwahiyo shangazi sikumfanyia mpango. Nilimwambia afanye mambo mawili. Aende nyumbani akusanye kila kidonge, kila chupa, kila mzizi baba mdogo anaotumia na asiotumia, aweke kwenye mfuko mmoja ampelekee yule kabinti. Na kila jioni kabla ya kuondoka amuulize aliyepo, "Dokta, usiku huu mgonjwa wetu anashikwa na nani, na kuna majibu gani bado yanasubiriwa?"

Kwenye mfuko zilikuwemo diklofenaki, dawa za maumivu zinazoweza kuumiza figo, zile za kununua dukani, baba mdogo alikuwa anakunywa mbili kila siku kwa ajili ya mgongo, na alilazwa kwa figo. Aliyeziona na kuzisimamisha ni kabinti. Jana shangazi kanipigia tena, safari hii saa tatu asubuhi, anauliza kama najua wazazi wa kabinti wanatokea wapi, maana ana mtoto wa kiume hajaoa.