Kuonja Scotch ale Arusha: utamu wa kimea unavyopimwa

Mtu aliyezoea laga akionja Scotch ale kwa mara ya kwanza, jambo la kwanza atakalolisema ni kwamba bia hii ni tamu. Anasema kweli, lakini kwa sisi ambao kazi yetu ni kuonja na kutoa alama, maswali huanzia hapo: utamu huu umetoka wapi, unaishia wapi mdomoni, na ni kitu gani kinachoushika usimchoshe mnywaji. Nitaeleza ninavyoifanya kazi hiyo kwa kutumia bia moja ya aina hiyo inayotengenezwa na kiwanda kidogo kilichopo hapa Arusha. Mwenye kiwanda aliniomba niipime, akakubali niandike nilichokiona mradi nisikitaje kiwanda chake kwa jina.

Scotch ale ni bia kali ya Uskoti, ambayo wenyewe huiita pia wee heavy. Mwongozo wa BJCP, mpango wa Marekani ulioanzishwa mwaka 1985 kwa ajili ya kuwatahini waamuzi wa bia, unaipa kileo cha kati ya asilimia 6.5 na 10, rangi ya shaba hadi kahawia nzito, na uchungu mdogo wa IBU (kipimo cha uchungu wa bia) 17 hadi 35. Ukikumbuka kwamba laga zetu ni nyepesi zaidi, Kilimanjaro ina asilimia 4.5 na Safari asilimia 5.5, utaelewa kwa nini bia hii hunywewa taratibu na katika glasi ndogo. Katika karne ya 19 bia za Uskoti zilitambulishwa kwa bei ya pipa kwa shilingi, kuanzia shilingi chache kwa bia nyepesi na kupanda kadiri bia ilivyozidi kuwa nzito, na hizi kali ndizo zilizokuwa juu kabisa. Mfano unaotajwa sana hadi leo ni wa Traquair House, jumba la kale lililo kusini mwa Uskoti, ambako mwaka 1965 Peter Maxwell Stuart alikifufua kiwanda cha zamani cha familia. Bia yao ya asilimia 7.2 bado huchachushwa katika mapipa ya mti wa mwaloni.

Uzuri wa bia hii hutengenezwa na kimea pamoja na moto. Maji ya kwanza yanayochujwa kutoka kwenye kimea ndiyo yenye sukari nyingi zaidi. Watengenezaji wengi wa leo hutenga sehemu ya maji hayo, huyachemsha peke yake hadi yanakuwa mazito kama asali, kisha huyarudisha katika sufuria kubwa. Husemwa kwamba hapo sukari imeunguzwa, lakini maelezo hayo hayatoshi. Maji ya kimea yanapochemka kwa kawaida hayana joto la kuunguza sukari. Kinachotokea kwa sehemu kubwa ni sukari kuungana na asidi za amino na kuzaa rangi na harufu mpya, badiliko lile lile linaloupa mkate ukoko wake wa kahawia. Ni pale tu maji yanapokaribia kukauka na kubaki rojo ndipo joto linapopanda zaidi na dalili za sukari iliyoungua zinapoanza kuonekana.

Kwa mwonjaji, jambo hili lina maana kubwa. Bia iliyopikwa vizuri hunukia ukoko wa mkate, sukari guru na karanga zilizokaangwa, harufu zinazofuatana moja baada ya nyingine kadiri glasi inavyopata joto. Ikinukia peremende ya karameli tu, kuanzia mwanzo hadi mwisho, mara nyingi mtengenezaji amekwepa kazi ya moto na kutegemea kimea cha karameli kilichonunuliwa tayari. Bia ya namna hiyo inaweza kuwa safi na isiyo na kasoro hata moja, lakini mimi huwa siipi alama za juu.

Kuna pia suala la moshi. Kimea cha baadhi ya whisky za Uskoti hukaushwa kwa moshi wa udongo wa kinamasi, ambao Waskoti huukata, huuanika na kuuchoma kama kuni. Watengenezaji kadhaa wa nje, hasa Marekani, walidhani kwamba kila kinywaji cha Uskoti sharti kiwe na harufu hiyo, wakaanza kukitia kimea hicho katika Scotch ale. Mapokeo ya bia yenyewe hayana moshi huo. Nikiukuta umetawala glasi, humshauri mtengenezaji aipeleke bia yake katika kundi la bia za moshi, ambako itahukumiwa kwa haki zaidi.

Katika baa zetu mhudumu huuliza, "Ya baridi au ya moto?" na ya moto ni ile ambayo haikuingia kwenye friji. Wazee wengi huagiza ya moto na vijana huwashangaa, lakini kwa Scotch ale wazee hao wamekaribia ukweli kuliko vijana wao. Bia hii inapaswa kunywewa ikiwa na nyuzi kati ya 10 na 13. Ikitolewa katika nyuzi 3 au 4, harufu zote nilizozitaja hufungika, na kinachobaki ulimini ni utamu mzito usio na sura. Mimi huitoa kwenye friji na kuiacha mezani kwa dakika 20 hivi. Mjini Moshi, mchana wa Februari, nusu ya muda huo inatosha.

Glasi ninayoitumia ni ya mvinyo, yenye tumbo pana na mdomo mwembamba, na huijaza theluthi moja tu. Huoshwa kwa sabuni isiyo na manukato, husuuzwa mara kadhaa, kisha huachwa imeinamishwa ikauke yenyewe, kwa sababu kitambaa cha jikoni huacha mafuta yanayoua povu. Mezani huwekwa maji na mkate mweupe basi. Nyama choma na pilipili husubiri hadi karatasi za alama zimalizike kujazwa.

Bia ya kiwanda hiki ilimiminika kahawia, na nilipoiinua kuelekea dirishani kingo zake zilionyesha wekundu safi. Povu lilikuwa la rangi ya krimu, fupi, lililoganda ukingoni mwa glasi hadi mwisho. Nilinusa kabla ya kuonja, kama inavyotakiwa, kwa sababu baadhi ya harufu hupotea katika dakika ya kwanza. Ukoko wa mkate ulitangulia, ukafuatiwa na sukari guru. Baada ya kuifunika glasi kwa kiganja, kuizungusha na kuiacha ipate joto la mikono, zikaja zabibu kavu na tende, na nyuma yake kileo kilichokuwa kikipasha pua bila kuichoma.

Nilitafuta kasoro moja baada ya nyingine. Harufu ya siagi, inayotokana na daiasetili, haikuwepo, na ulimi haukuhisi ule utelezi unaoandamana nayo. Harufu ya mahindi ya kuchemsha, dalili ya mchemsho dhaifu, haikuwepo. Harufu kali kama ya dawa ya kufutia rangi ya kucha, ambayo hujitokeza hamira inapofanyishwa kazi katika joto kubwa, nayo haikuwepo. Hili la mwisho linastahili sifa, kwa sababu bia yenye sukari nyingi hujipasha joto yenyewe inapochachuka, na mtu asiye na tangi la kupozea angeiona ikipanda hadi nyuzi 25 usiku mmoja. Mwenye kiwanda aliishikilia katika nyuzi 17 kwa juma zima. Hiyo ni nidhamu.

Kisha nikaonja na kumeza. Kwenye bia ni lazima umeze, kwani uchungu wake husikika vizuri zaidi nyuma ya ulimi, na huo ndio unaoamua jinsi bia inavyomalizika. Mwanzo ulikuwa mzuri sana: mkate, karameli nyepesi, tende, na mwili mzito unaoujaza mdomo kwa upole. Katikati mambo yalienda vizuri pia. Lakini baada ya kumeza, utamu haukuondoka. Ulikaa ulimini, midomo ikaanza kunata, na funda la tatu halikunipa hamu ya kuchukua la nne. Nilisubiri bia ipate joto zaidi, nikidhani huenda kileo kitajitokeza na kuukata utamu, lakini hali haikubadilika.

Kijana mwenye kiwanda alikuwa amesimama pembeni. "Mama, si ndivyo Scotch ale inavyotakiwa kuwa, tamu?"

"Inatakiwa kuanza tamu, mwanangu. Kumaliza tamu hivi ni jambo jingine. Hebu nionyeshe daftari lako."

Daftari lilikuwa limejazwa vizuri. Haidromita, chombo kinachopima uzito wa maji yenye sukari ukilinganishwa na maji matupu, ilisoma 1.080 kabla ya hamira kutiwa na 1.028 baada ya uchachushaji kukoma, maana yake hamira ilikula asilimia 65 hivi ya sukari na kuacha kileo cha takribani asilimia 6.8. Namba hizo zimo ndani ya mipaka ya mwongozo, unaoruhusu hata 1.040 mwishoni, kwa hiyo sikuweza kusema kwamba hamira imeshindwa kazi. Nimewahi kuonja bia zenye sukari nyingi zaidi ya hiyo zikaisha kavu na safi. Hivyo nikahamia kwenye hopsi, maua yanayoipa bia uchungu, na hapo ndipo tatizo lilipokuwa. Alikuwa ameipata kanuni yake kutoka Uingereza na kuifuata gramu kwa gramu, ikiwa na hesabu ya IBU 25.

Hesabu hiyo hudhani kwamba maji yanachemka katika nyuzi 100. Arusha ipo takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji huchemka karibu na nyuzi 95. Uchungu wa hopsi hautoki wenyewe. Asidi zake za alfa sharti zibadilike umbo katika joto ndipo ziyeyuke na kubaki ndani ya bia, na kasi ya badiliko hilo hushuka kwa takribani theluthi moja joto linapotoka nyuzi 100 hadi 95. Kwa mchemsho wa saa moja ule ule na hopsi zile zile, nakadiria alikuwa amepata IBU chini ya 20. Katika laga nyepesi mnywaji asingejali. Katika bia iliyobakiwa na sukari kiasi hiki, pungufu hilo dogo ndilo lililouacha utamu ukae peke yake. Mji wa Moshi uko chini kidogo, maji huchemka karibu na nyuzi 97, lakini hata huko hesabu ya kitabuni haitoshi.

Watu wa Kilimanjaro hawapaswi kulishangaa jambo hili. Mbege, pombe yao ya asili, hupikwa kwa ndizi mbivu na ulezi uliooteshwa, vitu vitamu vyote viwili, na ndiyo maana wapishi wake hutia gome la msesewa, ambalo ni chungu kwelikweli. Mbege isiyo na msesewa wa kutosha hulalamikiwa kwenye kata ya kwanza. Wapishi hao walipima kwa ulimi, na waliongeza gome au kulipunguza kulingana na ndizi za siku ile.

Nilimshauri aongeze hopsi za mwanzo wa mchemsho hadi hesabu yake, ikishapunguzwa kwa ajili ya mwinuko, ifike IBU 28 au 30, asiguse zile za mwishoni kwa sababu Scotch ale haihitaji harufu ya maua. Aliniuliza kama apunguze pia joto la kulowekea kimea kutoka nyuzi 69 hadi 66, ili hamira ipate sukari nyingi zaidi inayolika. Ni wazo zuri, na vivyo hivyo kuongeza asilimia moja ya shayiri iliyokaangwa ili kuukausha mwisho wa bia, lakini nilimsihi abadilishe jambo moja kwa kila mpiko. Akibadilisha matatu kwa pamoja, bia ikawa nzuri, hatajua ashukuru lipi.

Karatasi ya BJCP ina alama 50. Harufu niliipa 10 kati ya 12, mwonekano 3 kati ya 3, ladha 13 kati ya 20, hisia ya mdomoni 3 kati ya 5, kwa sababu ya kunata, na tathmini ya jumla 6 kati ya 10. Jumla ni 35, ambayo kwa kipimo hicho ni bia nzuri sana. Mtu anaweza kuona nimekuwa mkali kwenye ladha ilhali nimeisifu harufu kiasi hicho. Ladha ndiyo yenye alama nyingi kuliko vipengele vyote kwa sababu ndiyo anayobaki nayo mnywaji, na mwisho wa funda ni sehemu yake kubwa. Kwa uchungu uliowekwa sawasawa, bia hii hii ingefika 40 bila kubadilisha kimea wala hamira.

Kwa watakaoinunua sasa, inywe na jibini kavu au nyama iliyookwa, kwa sababu chumvi hukata sehemu ya utamu huo. Ukitaka kuhifadhi chupa, bia ya nguvu hii huvumilia mwaka na zaidi, na ukuaji wake huleta tende na zabibu kavu kwa wingi kabla ya kufikia ile harufu ya boksi lililolowa maji inayoharibu bia nyepesi mapema. Isimamishe wima, gizani, mahali pasipofikiwa na joto la mchana. Walioko Moshi waiweke ndani ya friji badala ya kabatini, hasa Januari na Februari, kisha waitoe mapema kabla ya kuimimina.