Je, wajua? Jina la ukoo la mshairi Lorca halikuwa Lorca peke yake

Mtaje mshairi Lorca mbele ya msomaji wa Kiingereza, naye atajua mara moja unamzungumzia nani. Lakini mtafute huyo Lorca maktabani kwenye herufi L, na huenda ukatoka mikono mitupu. Maktaba ya Bunge la Marekani imemworodhesha kwenye G: García Lorca, Federico. Imekuwaje?

Federico alizaliwa mwaka 1898 katika kijiji cha Fuente Vaqueros, karibu na mji wa Granada, kusini mwa Hispania. Baba yake, mkulima mwenye mali nyingi, aliitwa Federico García Rodríguez. Mama yake alikuwa mwalimu, Vicenta Lorca Romero. Kwa desturi ya Wahispania kila mtu ana majina mawili ya ukoo, na mtoto hurithi moja kutoka kila upande: García ya baba, kisha Lorca ya mama. Rodríguez na Romero yakaishia kwa wazazi. Siku hizi sheria inawaachia wazazi wachague lipi litangulie, ila enzi zile la baba ndilo lililokuwa mbele.

Sasa mlete Mwingereza. Yeye kazoea kwamba jina la mwisho ndilo la ukoo, na lile la katikati ni la ziada tu, kama Fitzgerald kwenye John Fitzgerald Kennedy. Akiona Federico García Lorca, anaishika Lorca na kuiacha García. Mwaka 1979 bendi ya The Clash ya London ilitoa wimbo kuhusu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, na humo mshairi anatajwa kama Federico Lorca, García haipo kabisa. (Sisi tunayajua haya. Shaaban Robert, ambaye kwa Kiswahili hutajwa kwa majina yote mawili, kwenye orodha za vitabu za Kiingereza utamkuta mara kwenye R, mara kwenye S.)

Hata hivyo, tusiwabebeshe Waingereza lawama zote. Wahispania nao husema Lorca, na wana sababu yao. García ndilo jina la ukoo lililoenea kuliko yote nchini mwao, wenye nalo ni zaidi ya milioni moja. Kumwita mtu García ni sawa na kuita “Juma!” katikati ya Kariakoo. Kwa hiyo jina la baba likiwa la kawaida mno, watu hushika la mama. Ndivyo Pablo Ruiz Picasso alivyobaki Picasso, na José Luis Rodríguez Zapatero, waziri mkuu kuanzia 2004 hadi 2011, akawa Zapatero. Tofauti ni kwamba Mhispania anajua amefupisha. Penye urasmi García hurudi: uwanja wa ndege wa Granada umeandikwa Federico García Lorca.

Kiingereza kilipolizoea jina hilo kikaanza kulitumia kipendavyo. Kitu chenye ladha ya mashairi yake huitwa “Lorquian”, tahajia iliyofuata “lorquiano” ya Kihispania, ambako sauti ya k mbele ya i huandikwa qu. Wangeandika “Lorcan” wangegongana na jina la kiume la Kiayalandi. Halafu kuna mwimbaji wa Kanada Leonard Cohen, aliyempenda mshairi huyu tangu ujanani: binti yake aliyezaliwa 1974 alimpa jina Lorca. Jina la ukoo wa mwalimu Vicenta likageuka jina la kwanza la msichana, ng’ambo ya bahari.

Kwa Wahispania wenyewe, jina hilo lilikuwa njiani kupotea. Kama Federico angepata watoto, kwa desturi wangeitwa García na jina la mama yao, Lorca ikaishia hapo. Hakupata. Aliuawa Agosti 1936 akiwa na miaka 38, vita vikiwa vimeanza tu. Lakini mabinti wa mdogo wake, Francisco, wanaandikwa García-Lorca kwa kistari, likihesabiwa jina moja, kisha ndipo linafuata de los Ríos la upande wa mama yao. Kistari hicho ndicho kilichoiokoa Lorca.

Balaa huja pale mtu anapodhani ameshapata kanuni. Wasomaji wengi wa Kiingereza humwita Gabriel García Márquez wa Kolombia, mshindi wa Nobel ya fasihi ya 1982, “Márquez” tu, kwa mantiki ileile ya Lorca. Kwa Kihispania hilo linakwaruza masikio. Huyu naye ana García, tena Márquez si jina adimu hata kidogo, lakini mazoea yamemwachia yote mawili. Wakolombia wakitaka kufupisha, husema Gabo.