Kishikwambi sio mkufunzi jamani

Juzi tena. Kikao cha tathmini, tumefika kwenye mafunzo kazini ya walimu wa pembezoni, mjumbe mmoja kanyoosha mkono: "Lakini si walishapewa vishikwambi vile vilivyotumika kwenye Sensa, wasomee humo? Sa tatizo liko wapi?" Nimeshalisikia hili mpaka basi, bora niandike kabla sijamjibu mtu vibaya.

Elimu ya masafa, yaani kusoma ukiwa mbali na chuo, sio intaneti. Nchi hii imefundisha walimu kwa masafa kabla wengi wetu hatujazaliwa. Azimio la Musoma 1974 lilitaka watoto wote wawe shule ifikapo 1977, vyuo visingetosha hata kidogo, wakachukuliwa vijana wa la saba, zaidi ya 40,000 kwa miaka ile, wanafundisha huko huko kijijini huku wanasoma, masomo kwa posta, vipindi vya redio, mwisho wanaitwa chuoni wiki kadhaa. Ndio hao "walimu wa UPE" (ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote) mnaowabeza. (Msiwachanganye na Voda fasta, wale ni form six wa miaka ya 2000 waliopigwa msasa kama mwezi hivi wakatupwa sekondari, hapo hakukuwa na masafa, kulikuwa na haraka tu.) Na kilichowabeba UPE kwa maoni yangu sio redio, ni kwamba kulikuwa na mtu anayekaa nao, anaingia darasani, anaona.

Bando na chaji sitaki hata kuanza, mnajua.

Ninachotaka mkielewe ni mrejesho. Nina mwalimu mmoja mwambao wa Ziwa Tanganyika, Uvinza huko, kumfikia ni boti. Darasa la tatu, kutoa kwa kukopa. Kwenye mfumo wa mafunzo wa kishikwambi amemaliza moduli yote, asilimia 100, na jaribio kafaulu vizuri tu. Nimefika darasani kwake, 42 toa 17, nusu ya watoto wameandika 35. Sio 25, 35! Na karibu wote kosa ni moja, sa hiyo sio ujinga wa watoto, hiyo wamefundishwa. Nikakaa nyuma nasikiliza, nikamsikia: "Kumbukeni, kubwa toa ndogo." Basi watoto wakifika kwenye 2 na 7 wanageuza, 7 toa 2 ni 5, 4 toa 1 ni 3, wametii kabisa! Moduli imeeleza vijiti na mafungu ya kumi, kaisoma, vijiti viko kabatini vimefungwa kamba vizuri. Hakuna video itakayomwambia kwamba sentensi yake moja ndio inaharibu. Nilimwambia pembeni, akacheka, akasema mwalimu, mimi mwenyewe nilifundishwa hivyo hivyo.

Dakika kumi tu hizo. Ila kuzifikia ni siku mbili za safari, na kwenye bajeti kifungu cha safari ndio huwa cha kwanza kukatwa, kwa sababu vishikwambi si vipo.

Sasa mtasema kuna MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, walimu wakae wenyewe kwenye jumuiya ya ujifunzaji shuleni, wasaidiane. Wazo zuri, nalitetea vikaoni. Lakini shule ina walimu watatu, mmoja likizo ya uzazi, mwalimu mkuu kaitwa wilayani, jumuiya ni nani na nani? Nimeshaletewa mihtasari ya vikao vinne, peni moja, mwandiko mmoja, nina wasiwasi hata jioni ilikuwa moja. Nikasaini. Ningefanyaje, nimwandikie barua mtu anayefundisha madarasa matatu peke yake?

Na wakati mwingine najiuliza kama hata hizo dakika zangu kumi zilikaa, maana sijarudi kule tangu siku ile. Andalio lake jipya la somo alilituma kwa WhatsApp, kalipiga picha gizani halisomeki, nikamjibu "asante, nitalipitia". Hiyo ni wiki ya sita sasa.