Hiyo diski ya msasa sio feki, unaikandamiza

Jumamosi kaja fundi mmoja kutoka Nkuhungu, hapa hapa Dodoma, diski ya msasa mkononi, salamu haijaisha vizuri kashaniambia mzee hii uliyoniuzia ni feki, geti moja tu imekwisha. Nikaipokea nikaigeuza juani. Vile vipande vya msasa vinavyopangwa kama magamba ya samaki, ukingo wa nje wote umeliwa mpaka sahani ya faiba inaonekana, halafu kuelekea tundu la kati msasa upo vilevile kama ulivyotoka dukani. Na pale katikati ya hivyo viwili pana sehemu inang'aa kama kioo, ukipitisha kidole haikwaruzi kabisa. Sikuhitaji kumuuliza alichofanya. Aliisimamisha wima grainda, ile mashine ya kusagia chuma, akala chuma kwa ukingo wa diski na akakandamiza kwa nguvu zake zote.

Hii dhana kwamba ukikandamiza zaidi unamaliza haraka nimeshaichoka, naisikia kila wiki na inatoka kwa watu wazoefu, sio wanafunzi. Najua inakotoka. Mtu kazoea jiwe la kusagia, jiwe ni gumu, unalisimamisha kwa pembe kubwa unalibonyeza linakula. Diski ya msasa haifanyi kazi hivyo. Pale juu pana chembe za mchanga mgumu zimegandishwa kwenye kitambaa, chembe zikichakaa kitambaa nacho kinalika kidogo kidogo na chembe mpya zinajitokeza, ndio maana ukiitumia vizuri inakata sawasawa mpaka mwisho. Sasa ukiikandamiza moto unapanda, gundi inalainika, chembe zinang'oka kabla hazijafanya kazi au zinapakwa chuma cha moto juu yake zinakuwa laini, hapo hukati tena, unasugua tu. Na kusugua kunaleta moto zaidi.

Halafu sikiliza grainda yako jamani. Ile ndogo ya inchi nne na nusu nyingi zinazunguka kama 11,000 kwa dakika ikiwa haijagusa kitu, ukigusa chuma sauti inashuka kidogo tu, hiyo ni sawa. Ikianza kunguruma kama bodaboda inapanda kilima na abiria wawili, umeshazidisha, spidi imeshuka, diski inakula kidogo na mota inaungua. Uzito wa mashine yenyewe na mkono wa kuiongoza unatosha. Diski bapa ilaze karibu kabisa na chuma, nyuzi 5 mpaka 15, ile iliyoinama kama kofia ndio unaiweka 15 mpaka 25. Ukisimamisha zaidi ya hapo unatumia sentimita moja ya diski uliyoilipia yote.

Na hasara kubwa sio diski. Mageti mengi hapa tunatengeneza kwa skwea paipu nyembamba, milimita moja na nusu au chini ya hapo, ukikandamiza pembeni ya mshono wa weldingi unachimba handaki, ukuta wa paipu unabaki kama karatasi, unapiga rangi geti linapendeza, miezi sita baadaye limepasuka palepale pembeni ya mshono na mteja anasema weldingi ni mbovu. Weldingi ilikuwa nzima, chuma ndicho ulichokimaliza.

Yule kijana nilimpa kipande chakavu na diski mpya ya msasa namba 60, nikamwambia shika kama unapiga pasi shati la Jumapili. Mshono uliisha na diski ikabaki inauma kote. Aliondoka na nne.

La pili, stenlesi. Wanasema haishiki kutu kwa hiyo diski yoyote inafaa, wanachukua ileile waliyosagia geti la chuma cheusi asubuhi wanaipeleka kwenye reli za ngazi mchana. Punje za chuma cheusi zinabaki zimezama kwenye stenlesi, reli zinakabidhiwa zinang'aa, wiki chache zinatoka madoa ya kahawia. Na maji ya visima vyetu hapa Dodoma yana chumvi, dada anapiga deki anafuta na reli, chumvi nayo inachimba palepale. Vilevile ukiona rangi ya bluu au dhahabu baada ya kusaga, moto umeharibu ile ngozi ya juu inayoilinda, hiyo bluu lazima uitoe, sio kuisifia. Diski zangu za stenlesi nimeziandika S kwa maka pen na zinakaa kwenye kopo lake lenye mfuniko, na mtu akizigusa kwa kazi nyingine tunagombana kweli.

Namba kubwa sio msasa mkali. 40 ndio inakwaruza sana, 120 ni laini. Usitoke 40 ukarukia 120, mikwaruzo ya mwanzo haitoki, pita 60 au 80 kwanza.

Kuna wanaotoa kinga ya grainda wafunge diski ya inchi saba kwenye grainda ndogo, wanasema msasa haupasuki kama jiwe. Soma nyuma ya diski. Ya milimita 180, yaani hiyo ya inchi saba, mwisho wake ni kama mizunguko 8,500 kwa dakika, wewe unaipeleka 11,000. Ile sahani ya faiba inapasuka, na inapopasuka uso wako ndio upo mbele yake.

Ile diski ya mguu, yenye kijiti cha chuma cha kufunga kwenye drili, izamishe mguu wote kwenye chaki, yale meno ya drili yanayobana. Ukiuacha mrefu ili ufike ndani ya paipu unapinda.

Maziwa sasa. Mafundi wangapi wameniambia hawahitaji barakoa kwa sababu jioni wanakunywa maziwa yanasafisha kifua. Maziwa yanaenda tumboni, vumbi la chuma liko kwenye mapafu, hayakutani. Kitambaa cha kufunga mdomoni nacho hakichuji vumbi jembamba, nunua barakoa ya N95. Na wale mnaochomelea gavanaizi, chuma kilichopakwa zinki, halafu usiku mnatetemeka homa mnadhani ni malaria, kapimeni, ila jueni moshi wa zinki unaleta homa ya aina hiyohiyo masaa machache baada ya kazi. Zinki inatolewa kabla ya kuchomelea. Mi natumia diski namba 80, nasaga sentimita tano kila upande wa maungio, barakoa usoni, nje sio ndani ya banda, upepo ukitokea ubavuni.