Latitudo ya nyuzi 30 kuna baridi gani?

Juzi mpwa wangu wa kidato cha tatu kanitumia picha ya daftari lake: "Nyuzi 30 kuna mgandamizo mkubwa kwa sababu hewa ya huko ni baridi na nzito." Pembeni, vema ya kalamu nyekundu. Nimekaa kwenye utabiri wa hali ya hewa miaka mingi na sentensi hii haifi. Nyuzi 30 Kaskazini ndiyo Kairo, halafu jangwa. Haya, vaa koti uende.

Ikweta na kwenye ncha, kanuni ya joto na baridi (hewa ya moto ni nyepesi, mgandamizo mdogo; ya baridi ni nzito, mgandamizo mkubwa) inatosha, sina ugomvi. Ugomvi uko katikati. Mgandamizo ni uzito wa hewa yote iliyo juu ya utosi wako. Joto la ile inayokugusa pua ni sehemu tu ya hesabu. Hewa iliyopanda Ikweta hufika kilomita 15 hivi, ikakosa pa kupandia, ikashika njia ya kaskazini na kusini. Ilitoka mahali ambapo dunia huzunguka kwa kilomita 1,670 kwa saa. Ardhi ya nyuzi 30 inakwenda kama 1,450. Basi inaitangulia ardhi, inapindia mashariki, na safari ya kwenda nchani inakwama. Iliyo nyuma bado inakuja. Foleni! Safu ya hewa inaongezeka uzito, hewa inashuka. Ndiyo, huko juu imepoteza joto, na hilo huisaidia kushuka; nadhani "baridi" ya daftarini ilizaliwa hapo. Lakini kila kilomita inayoshuka inapata joto la karibu nyuzi 10 za Selsiasi. Inafika chini kavu na ya moto.

Nyuzi 60 ndiyo inayoiumbua kabisa kanuni ya daftari. Kule kuzunguka Antaktika kuna baridi ya kutisha, na wastani wa mgandamizo uko chini ya hektopaskali 990, ilhali wastani wa dunia nzima ni kama 1,013.

Mtaniambia Julai Sahara ina mgandamizo mdogo. Kweli, ila ni tabaka jembamba juu ya mchanga. Kilomita chache juu yake hewa bado inashuka. Hiyo "mikanda" ya mgandamizo inayochorwa kuizunguka dunia yenyewe ni vipande vipande, mabara yameikata. Kipande chetu cha mgandamizo mkubwa kinaitwa Mascarene, kiko mashariki ya Madagaska: kikinenepa kati ya Juni na Agosti, kusi inavuma hadi wavuvi wanaanika nyavu. Na hunenepa wakati wa kipupwe, kwa hiyo baridi ina mkono wake hapo, nakiri.

Kwa nini 30, si 40? Tunabishana. Wapo wanaohesabu mzunguko wa dunia pekee. Wapo wanaosema upepo mkali wa juu hukosa utulivu na kuvunjika kuwa mizunguko ya dhoruba kabla haujafika mbali. Niko na hawa wa pili, ila dau siweki.

Nimemwambia mpwa afute "baridi". Kanijibu: "Mjomba, kwani mtihani unasahihisha wewe?"